Pua ya Mnunuzi wa Asali

Kazi yangu ni kununua asali. Nainunua kwa wafugaji wa nyuki wa Aroi na wa Koboko, naileta nyumbani Arua, mke wangu anaichuja, tunaitia kwenye chupa na kuiuza. Sikuisomea kazi hii. Shule nilisoma kidogo tu upande wa Congo, wakati wazazi wetu walipokuwa wakimbizi, na mengine nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu vya mitumba vilivyokosa majalada na, siku hizi, kwa simu.

Katika kununua asali macho hayatoshi. Asali nyeusi inaweza kuwa nzuri na nyeupe ikawa sukari iliyochemshwa. Ulimi nao huchoka baada ya ndoo ya tatu, kila kitu kikawa utamu mtupu. Kinachobaki ni pua. Pua ndiyo inayojua kama asali imeanza kuchacha, kama masega yalitolewa na mabuu ndani, na hasa kama mvunaji aliwasha nyasi nyingi mno chini ya mzinga mpaka moshi ukaingia kwenye asali. Moshi ndio kasoro kubwa kwetu. Asali ya moshi hainunuliwi, na mtu aliyeivuna husemwa kwamba aliwachoma nyuki kwa uvivu.

Kuna utaratibu wetu wa kununua, ambao niliukuta. Mwenye asali hufungua kifuniko yeye mwenyewe, huchovya kijiti, huonja kwanza, ndipo hukupa. Wewe hunusa, huonja, kisha husema neno moja. Ukisema "safi", mnaanza kuongea bei. Ukisema "moshi", yeye hufunika ndoo yake na mambo yameisha. Neno hilo halijadiliwi wala halirudishwi. Mnunuzi anayerudisha neno lake hana neno tena, na asiye na neno hauziwi.

Niliumia kwenye barabara ya Koboko. Nilikuwa nimepanda bodaboda, mbuzi akavuka, dereva akamkwepa, mimi nikaanguka chali na kisogo kikapiga lami. Dereva alichubuka kiwiko. Mimi niliamka hospitalini nikimwuliza mke wangu kama ndoo zimefika, na nilimwuliza hivyo, aliniambia baadaye, asubuhi nzima.

Mwanzoni mambo yalikuwa mengi kiasi kwamba sikugundua lipi limepotea. Mwanga uliniumiza. Maneno ya kawaida yalinikimbia. Nilisema "ile ya kufungulia" nikitaka ufunguo. Nilikasirika kwa kijiko kilichoanguka. Mara moja mwili ulinikamata nikatetemeka mpaka nikapoteza fahamu, na kwa sababu hiyo nikapewa vidonge vya kifafa vya kunywa kila siku na nikakatazwa kuendesha pikipiki. Haya yalipungua polepole. Kisha siku moja mke wangu aliingia jikoni akikimbia, akakuta vitunguu vimekuwa makaa kwenye sufuria na mimi nimekaa kando yake nikisoma.

Alizima, akanitazama. Alichukua chupa ya manukato yake, akaifungua, akaniwekea chini ya pua. Nilihisi ubaridi wa chupa tu.

Daktari hakushangaa. Alinieleza kwamba nyuzi za kunusia ni nyembamba sana na hupita kwenye mfupa wenye matundu, kama chujio, kati ya pua na ubongo. Kichwa kikipigwa kisogoni, ubongo huyumba, na nyuzi zinaweza kukatika pale pale kwenye chujio. Nikamwuliza kama huota tena. Alisema zinaweza kuota na zinaweza zisiote. Nikamwuliza dawa. Alisema nisubiri, na niwe nanusanusa vitu vikali kila siku ili kuuzoeza ubongo.

Mimi ni mtu wa utaratibu, lakini kusubiri si utaratibu. Kusubiri hakuna kipimo. Na majira ya asali yalikuwa yanakuja. Wafugaji wa Koboko walikuwa wameniwekea mizinga yao kwa imani kwamba nitafika kama kila mara. Wanunuzi kutoka Kampala walikuwa wameanza kuulizia njia za Abuku, kule Koboko. Nisipofika, au nikifika bila pua, wafugaji wale wangenihama, na katika umri wangu sikuwa na kazi nyingine ya kujifundisha.

Ndipo nilipoanza kuziona dawa za ubongo. Nadhani zilikuwepo siku zote, ila mtu huona anachokitafuta. Katika maduka ya dawa ya Arua zina rafu yake: chupa zenye picha ya ubongo unaong'aa kama taa, au mzee wa kizungu anayecheka. Kuna akina mama wanaozibeba kwenye mikoba na kuzieleza harusini. Kwa kila mmoja dawa yake ilikuwa imemwamsha mtu fulani ambaye jina lake msimulizi hakulikumbuka.

Dada wa duka la dawa karibu na msikiti alikuwa mkweli kuliko wengine. Alisikiliza habari ya kichwa changu, akauliza vidonge vya hospitali ninavyokunywa, kisha akanitoa mkononi chupa niliyokuwa nimeishika.

"Hii ya majani acha, Mzee," alisema. "Haipatani na dawa yako ya kifafa. Na hizi zingine haziko dawa ya kutibu. Ziko za kuongeza tu."

"Zinaongeza nini?"

"Zinaongeza kile iko. Kama haiko..." Akaniangalia kwa huruma, akaangalia rafu. "Lakini watu wananunua."

Nikanunua. Niliamua kujaribu moja baada ya moja, kila moja kwa mwezi wa angani, kutoka mwandamo hadi mwandamo, bila kuchanganya, ili nijue ipi imefanya nini. Nilijivunia mpango huo. Niliona wengine wanameza kila kitu kwa pamoja kama kuku.

Ya kwanza ilikuwa mafuta ya samaki. Vidonge vyake ni laini, na kwenye chupa iliandikwa kwamba ganda limetengenezwa kwa jelatini bila kusema ni ya mnyama gani. Sikutaka kumeza nguruwe kwa ajili ya pua. Basi kila asubuhi nilikitoboa kidonge kwa sindano, nikakikamua kwenye kijiko, nikanywa mafuta na kulitupa ganda. Mke wangu alihamisha chai yake nje. Alisema nyumba inanuka soko la samaki la Panyimur mchana wa jua. Mimi, ambaye dawa ilikuwa yangu, ndiye peke yangu niliyekunywa kwa raha.

Mwezi ukaisha. Hakuna kitu.

Ya pili, nakiri, ilikuwa ile ya majani. Dada wa duka alikuwa ameikataa, nami nikaipata kwa mama mmoja sokoni, nikijiambia kwamba labda hakuwa ameisoma vizuri. Sikuwa nimeisoma vizuri mimi. Nilipopiga mswaki fizi zilitoka damu, na damu haikutaka kukoma. Jioni hiyo nilikaa na simu nikasoma kwamba jani lile linaweza kuifanya damu iwe nyepesi, na kwamba mtu mwenye kifafa asiliguse. Nilisoma baada ya kununua, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa asali. Nikaimwaga chooni kabla mwezi haujafika nusu.

Kwa wakati huo nilikuwa siwezi kutulia. Mwili ulikuwa umepona, lakini ulikuwa kama mgeni aliyefunga mizigo na gari halijafika. Niliosha madumu yaliyokuwa safi. Nilipanga chupa kwa urefu, kisha kwa rangi ya vifuniko. Nilifungua kopo la asali ya majira yaliyopita, nikanusa, nikalifunga, nikatembea mpaka geti, nikarudi, nikalifungua tena. Mke wangu aliketi na ungo wake wa mchele akinitazama nikipita.

"Mzee, kaa," alisema. "Unachosha udongo."

Nilikaa. Kisha nikasimama.

Ya tatu ilikuwa vidonge vya vitamini vyenye zinki, vya manjano, vikubwa kama kokwa. Mwezi wake ulikuwa umekaribia kujaa nilipoamka asubuhi moja nikiwa nanusa moshi.

Nilikaa kitandani bila kusogea, nikiogopa kuufukuza. Ulikuwa moshi wa nyasi, mkali, wa chini kabisa ya koo. Nikatoka uani bila viatu. Mke wangu alikuwa anapepea sigiri, na makaa yalikuwa bado yanatoa moshi. Nikamwambia, nanusa. Alishika kinywa chake. Kisha akalia kidogo, akacheka, akaniambia nivae viatu.

Siku zilizofuata nilijipima. Nilinusa sigiri: moshi. Nilinusa jiko la jirani anayekaanga mihogo: moshi. Nilinusa koti langu la zamani la kuvunia: moshi. Nilifungua kopo la asali ya majira yaliyopita nikanusa moshi ndani yake, nikasikitika kwamba nilikuwa nimenunua asali mbaya bila kujua, lakini nilifurahi kuliko nilivyosikitika. Harufu nyingine hazikuwa zimekuja. Nilijieleza kwamba harufu kali hutangulia, na kwa mnunuzi wa asali, ikiwa lazima irudi moja, hii ndiyo. Nikanunua chupa ya pili ya vidonge vya manjano. Nikawapigia simu watu wa Abuku kwamba ninakuja.

Mke wangu aliuliza kama si bora tuende wawili. Nilimwambia hakuna haja.

Mfugaji wangu mkubwa kule Abuku ni mwanajeshi wa zamani. Wote tunamwita Afande, hata wajukuu zake. Alirudi kutoka jeshini na mguu mmoja usiokunja, na tangu hapo anafuga nyuki, na kwa miaka yote niliyonunua kwake sijawahi kusema juu ya asali yake neno lolote ila "safi". Nilimkuta ameketi uani na majirani wawili, kila mmoja na ndoo zake mbele yake, zimefunikwa vizuri kwa majani ya migomba juu ya vifuniko.

Alinisalimia, akauliza watu wa nyumbani, akauliza kichwa. Nilisema kichwa kimepona.

"Na pua?" Akawageukia wenzake. "Tulisikia pua yake ilibaki kwa barabara, mbuzi alikula."

Wakacheka, nikacheka nami. Nikasema pua iko.

Alifungua ndoo yake. Alichovya kijiti, akaonja, akanipa. Nikakileta puani, na moshi ukanijia kabla asali haijafika ulimini, ule ule, wa chini ya koo. Nikanusa tena. Nilimpenda mzee yule na nilitafuta njia ya kusema kitu kingine, lakini neno ni moja.

"Moshi," nilisema.

Afande alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Kisha akafunika ndoo, taratibu, akabonyeza kifuniko pande zote.

Jirani wa kwanza akafungua yake, akaonja, akanipa. Moshi. Nikasema hivyo. Wa pili akafungua. Nilinusa, na hapo nilianza kuhisi kitu kama mtu anayehesabu mara mbili na kupata jawabu lile lile lisilowezekana. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema mara mbili, nikasema na ya tatu.

"Basi Abuku yote iliungua," alisema yule jirani wa pili, mtu mwembamba mwenye maneno. "Tulale wapi leo?"

Afande hakucheka. Alisema tu kwamba adhuhuri imeingia, na mgeni ni mgeni, tuswali kwanza.

Walinipa birika. Nilichuchumaa kando ya Afande, yeye na mguu wake ulionyooka mbele. Niliosha mikono. Nilisukutua. Kisha nikakusanya maji kiganjani na kuyapandisha puani, kama ninavyofanya mara tano kila siku tangu utotoni, kwa haraka, mawazo yangu yako kwingine. Lakini mara hii mawazo yalikuwa puani.

Maji yalikuwa na moshi.

Niliyapandisha mara ya pili, polepole. Moshi. Ya tatu. Nilitazama birika: la plastiki, maji ya kisima, meupe. Hapakuwa na jiko uani. Nilijua hapo hapo, na nilijua pia kosa langu lilikuwa wapi. Nilikuwa nimejipima kwa sigiri, kwa jiko, kwa koti la kuvunia. Kila mahali nilipokwenda kutafuta moshi palikuwa na moshi. Sikuwahi hata mara moja kunusa kitu nilichojua hakina moshi. Miezi yote ile ya kuandama kwa mwezi, na sikuwahi kunusa kikombe cha maji.

Tuliswali. Nilisimama bega kwa bega na mtu ambaye nilikuwa nimemwita mchoma nyuki mbele ya majirani zake. Sikumbuki nilisoma nini. Nilikuwa najadiliana na nafsi yangu. Nikinyamaza, nitaondoka na neno langu, na habari ya kwamba asali ya Afande ina moshi itafika Koboko mjini kabla yangu. Nikisema, nitakuwa mnunuzi aliyerudisha neno na, zaidi ya hapo, mnunuzi asiye na pua. Nilifikiri hata kusema nimechoka na safari, kwamba nitarudi kesho ninuse upya. Kesho maji yangekuwa yale yale.

Tulipotoa salamu, sikuinuka.

"Afande," nilisema, "pua yangu imekufa. Ile moshi iko kwa kichwa yangu. Haiko kwa asali yako."

Alikuwa anakunja mkeka. Aliuacha.

"Tangu lini?"

"Tangu barabara."

"Na ulikuja kununua na nini? Na masikio?"

Nikamweleza mambo ya nyuzi na chujio, na vidonge, na maji ya birika. Aliuliza vidonge ni vya rangi gani. Nilipomwambia ni vya manjano alitikisa kichwa, kana kwamba hilo ndilo lililomkera zaidi. Jirani mwembamba alitaka kujua kama na yeye ananuka moshi. Nikamwambia ndiyo, na mkeka, na mkono wangu mwenyewe. Akaunusa mkono wangu ili ahakikishe.

"Sabuni," alisema.

Tukakaa. Nilisubiri waniambie niende, na ningeenda. Mwishowe ni mimi niliyesema, kwa sababu sikuweza kukaa kimya: wao wana pua, wasemeane neno, nami nitanunua kwa neno lao.

"Mwenye asali hasemi," Afande alijibu. "Haijawahi."

"Yako hutasema wewe. Atasema jirani."

Hawakulipenda jambo hilo. Waliliongea kwa Kikakwa kwa muda, wakinyoosheana vidole, na nilielewa kwamba palikuwa na mambo ya zamani kati yao, ya mizinga iliyotundikwa karibu mno na mpaka wa mtu. Lakini jirani mwembamba alikuwa ameanza kutabasamu. Nafasi ya kuihukumu asali ya Afande haikuwa imewahi kumpata yeyote pale.

Alichukua wakati wake. Alifunga macho. Alinusa kijiti, akakiondoa, akakirudisha, akautazama mguu wa Afande, akanusa tena.

"Hii iko na harufu ya jeshi," alisema.

"Sema neno," Afande alinguruma.

"Ninasema. Ngoja." Akaonja. Uso wake ulibadilika, mchezo ukatoka. "Safi," alisema kwa sauti ndogo, kama aliyenyang'anywa kitu.

Kisha ikawa zamu ya Afande juu ya ndoo mbili za mwembamba, zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kila moja aliinusa mara moja tu. "Ya juu safi. Hii ya chini moshi, kidogo." Nilitegemea ugomvi. Yule mtu aliiangalia ndoo yake ya chini, akaifunika, akaisogeza kando kwa mguu. Ya jirani wa kwanza ilikuwa safi yote.

Nilinunua kwa neno lao, na nikarudi Arua nimekaa mbele kwenye gari, ndoo nyuma, moshi usiokuwepo ukinifuata njia nzima. Sikuwa na amani. Nilikuwa nimebeba asali ambayo kwangu mimi haikuwa tofauti na maji ya birika.

Mke wangu alifungua ndoo moja baada ya nyingine kabla hata sijala. Nilisimama nyuma yake. Aliinama juu ya ile ya Afande muda mrefu.

"Iko namna gani?" nikauliza. Kwa miaka yote alipokuwa akichuja sikuwahi kumwuliza swali hilo.

"Safi," alisema. "Inanukia tumbaku ikitoa maua."

Mimi nisingesema hivyo. Ningesema "safi" na kuishia hapo. Nilikaa nikijaribu kukumbuka tumbaku ikitoa maua inanukiaje, na sikuweza.

Vidonge vya manjano nilivimaliza mpaka mwandamo, kwa sababu nilikuwa nimevianza. Baada ya hapo sikununua vingine. Moshi ulizidi kufifia, kisha asubuhi moja haukuwepo, na hakuna kitu kilichokuja mahali pake. Kama ni vidonge vilivyouleta, au ni nyuzi zilizokuwa zinajaribu kuota, au ni ubongo tu ukijisemea peke yake, siwezi kusema. Daktari naye hakusema. Dada wa duka la dawa alisema watu wananunua.

Sasa tunafanya zoezi kila asubuhi, na safari hii nimelipanga ipasavyo. Kuna vikopo vinne vya namna moja: karafuu, ganda la limau, asali ya Afande, na maji. Mimi nafumba macho. Mke wangu anavichanganya mgongoni mwangu na kuniletea kimoja kimoja chini ya pua. Mara nyingi nakosea. Mara nyingine najua anavyopumua kwamba nitakosea, naye akijua kwamba najua, anashika pumzi.

Juma hili aliniletea kikopo, nikanusa kwa muda mrefu. Sikupata chochote, lakini ilikuwa tofauti na kutopata chochote kwa siku nyingine. Kulikuwa na nafasi, kama chumba kilichofagiwa.

"Maji," nilisema.

"Maji," alisema.

Nikafungua macho. Nikamwambia alete kingine, haraka, kabla haijaondoka. Akaleta. Nikanusa, nikasema maji tena. Ilikuwa karafuu.

Nilisimama. Nilitembea mpaka geti, nikarudi. Simu ilikuwa mezani. Afande alikuwa amepiga jana akiuliza tunakuja lini, na kama mama wa nyumbani anakuja pia, kwa sababu mwembamba ameanza kujiona daktari wa asali, na yeye hawezi kukaa chini ya pua ya mtu yule majira mengine mazima. Nilimwambia tunakuja wawili.

"Kaa," alisema mke wangu, akivichanganya vikopo upya. "Bado viko viwili."

Nikakaa, nikafumba macho.